Mwanaume Niliyemwita Mama

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, baridi ya Sumbawanga inauma kwelikweli, na banda la video limejaa mpaka wengine wamekalia kreti za soda. Wewe leo unatazama tamthilia za Kihindi kwenye simu, umeshatafsiriwa kila kitu, hata kilio. Sisi tulijitafsiria wenyewe kwa macho. Steringi tulimjua, adui tulimjua, na wimbo ukianza tulijua mvua itanyesha tu na watu watazunguka mti. Humo kwenye nyimbo tulidaka neno "dunia", maana nao wanalisema kama sisi. Basi tukishalidaka hilo, tunajiona Kihindi tumekimaliza!

Juzi tulipokwenda kufyeka makaburini uliniuliza kwa nini nimesema "Mama, tumefika" mbele ya kaburi la mwanaume. Ukacheka kidogo, halafu ukaona aibu. Usione aibu, swali lako ni zuri, ndiyo maana nalijibu kwa kirefu.

Mama yangu mzazi alifariki sijaanza shule, na baba alikuwa ameshatangulia. Aliyenilea ni kaka yake, Mjomba Deusi, fundi baiskeli wa pale Kasense, mtu mrefu asiye na maneno mengi, mke hana. Alinipikia, alinifulia, na kila Jumapili kabla ya misa alinikalisha katikati ya magoti yake akanisuka mistari, huku akipiga mluzi wimbo wa Kihindi alioudaka redioni. Mistari yenyewe ilikwenda upogo, na kichwa kilinuka grisi. Wenzangu walinicheka mpaka basi. Lakini ule mluzi niliupenda, jamani. Nikimuuliza, "Mjomba, huo wimbo unasema nini?" ananijibu, "Sijui. Ila anayeuimba ana jambo lake."

Sasa, wiki ya ile Jumamosi ya banda la video, alikuwa amekuja shangazi yangu kutoka Mwimbi, dada yake baba, kunichukua. Alisema mtoto ni wa upande wa baba, na msichana anayekaribia kuvunja ungo hawezi kulelewa na mwanaume peke yake. Nikamtazama Mjomba, namwomba kwa macho anisemee. Akasema, "Mimi ni mjomba tu," akatoka nje kuziba pancha. Mwanangu, lile "tu" liliniuma! Nikajua amenichoka. Nikakubali kwenda, na Jumamosi hiyo akaniruhusu nikaone picha, kama kuniaga.

Basi picha inaendelea, mtoto mmoja yatima amepotea sokoni, analia. Akatokea bwana mwenye masharubu mapana, kifua hiki hapa. Mtoto akamkimbilia, "Mama! Mama!" Loo! Banda zima lilipasuka. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mama gani huyo ana masharubu?"

Nilicheka nami, halafu kicheko kikanikatikia njiani. Yule mtoto hakuwa anatania. Alimng'ang'ania shingoni, na lile libwana nalo linalia, na wimbo ukaanza. Ulikuwa wimbo ule ule anaoupigia mluzi Mjomba akinisuka. Nikawa nataka kujua lile "Mama" lina maana gani, mwanangu, nataka kujua kuliko nilivyotaka kuona mwisho wa picha. Nikainuka, nikatoka.

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Bi Zuhura, muuza vitambaa, ambaye babu yake alitoka India na kwao Kihindi kilikuwa bado kinasemwa.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Eti kwa nini Wahindi wanamwita mwanaume mama?"

"Marahaba," akasema, akaweka mkasi chini. "Na wewe umecheka?"

"Nimecheka."

"Ehe! Umecheka ndipo ukauliza. Iko siku utakuja kucheka msibani. Sikiliza wewe mtoto. Aliyekuzaa, wao wanamwita maa. Mama ni kaka yake huyo maa. Huyo mjomba wako, sisi nyumbani tungemwita mama."

Nilirudi Kasense kwa miguu, njia nzima nalisema lile neno taratibu, nalijaribu mdomoni. Nilimkuta Mjomba ameinamia gurudumu, shangazi yuko kibarazani anafunga mzigo wangu.

Nikaita, "Mama!"

Mjomba akageuka nyuma aone ni nani amekuja.

"Nakuita wewe," nikasema, nikaanza kueleza mambo ya picha, ya masharubu, ya Bi Zuhura, huku machozi yananitoka. Shangazi alidhani nimechanganyikiwa. Mjomba akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena, na ilikuwa imeshakauka.

"Shemeji," akamwambia shangazi, "huyu haendi. Labda akitaka mwenyewe."

"Sitaki!" nikasema.

Kumbe hakuwa amenichoka hata kidogo. Alidhani mjomba hana haki ya kunizuia, basi akawa ananililia huko nje kwenye pancha zake. Shangazi aliondoka amenuna, lakini baada ya mavuno alirudi na gunia la ulezi, yakaisha. Na mimi nilimwita yule mwanaume Mama mpaka tunamzika, watu wacheke wasicheke.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Neno la watu likikuchekesha, uliza kwanza, utacheka baadaye kama bado linachekesha. Na mtu akikwambia yeye ni fulani "tu", hilo "tu" usilipokee hivihivi, mwangalie vizuri usoni. Mimi nilikaribia kupelekwa Mwimbi kwa sababu ya neno dogo kama hilo. Mungu akujalie masikio mepesi na mdomo usioona haya kuuliza, na akupe watu wa kukusuka, hata mistari ikienda upogo.

Haya, sogea hapa nikusuke. Na hiyo simu yako ishike vizuri, nakupigia mluzi sasa hivi, unitafutie. Nataka kujua ule wimbo ulikuwa unasema nini.