Kadi ya Moti

Jinja nzima hapakuwa na mtu aliyeiamini kesho kama Wasike. Wengine, chini ya utawala wa wanajeshi, walishaacha. Ukimwambia mtu tuonane Jumatatu, alikutazama kana kwamba umemwalika mwezini. Lakini Wasike, msaidizi wa daktari wa mifugo, alikuwa na daftari lenye tarehe za mbwa wote wa mji, limepigwa mistari kwa rula hadi mwaka 1980. Huyu wiki ya nane, chanjo ya homa ya mbwa. Wiki ya kumi na mbili, arudie. Akifika miezi mitatu, chanjo ya kichaa cha mbwa. Halafu kila mwaka, mwezi uleule, mpaka mbwa azeeke na meno yamtoke.

Daktari mwenyewe alikwenda Nairobi kwenye harusi mwaka sabini na tatu. Ilikuwa harusi ndefu, maana hakurudi.

"Mbwa wa watu unawapangia mpaka themanini," mkewe Proscovia alimwambia, "na mimi hata sukari ya kesho hujui itatoka wapi."

"Sukari haina ratiba, mama Oliver."

"Mbwa wanayo. Basi nenda ukale kwao."

Katika daftari lile, ukurasa alioupenda kuliko yote ulikuwa wa Moti. Moti aliletwa kwake akiwa kijibwa cha kubebwa kwenye kofia, Julai 1972, na Balwant, Kalasinga wa mashine za kupasulia mbao. Chanjo ya kwanza hakulia. Ya pili alimlamba Wasike pua. Ya kichaa aliipata mwishoni mwa Agosti, na mwezi huohuo Wahindi wakapewa siku tisini za kuondoka nchini. Balwant alikuja na kadi ya mbwa mkononi.

"Wasike bhai, ndugu yangu, mimi nakwenda. Tarehe zake usisahau."

Nyumba ya Balwant, upande wa Kimaka, akapewa Kapteni mmoja, na Moti akiwa ndani kama kabati. Wasike akalikata jina la Balwant kwenye kadi, akaandika la Kapteni. Mwaka sabini na tano Kapteni akaitwa mkutanoni asirudi, ikaja familia ya Meja. Jina likakatwa tena. Mbwa alikuwa yuleyule, chanjo zilezile, tarehe zilezile. Wenye mbwa ndio walioisha nguvu mapema.

Agosti 1976 kichaa kikaingia mjini. Mbwa mmoja kutoka njia ya Buwenge aling'ata mbuzi wanne na mzee wa watu, na yule mzee akafa akiogopa kikombe cha maji. Meja akamwita Wasike. Binti wa Meja, wa miaka sita, alikuwa amekaa sakafuni, mkono wake wote umo kinywani mwa Moti, anamhesabu meno.

"Tarehe yake lini?"

"Ijumaa, Afande."

"Huyu mtoto analala na mbwa. Mbwa akipata kichaa, wewe utabweka kwanza."

Meja alicheka. Wasike naye akacheka, maana ukichekewa na Meja ulicheka.

Tatizo lilikuwa friji. Mji wenye bwawa la umeme linalowasha taa nchi nzima, na friji la ofisini kwao lilikuwa na joto la kuangulia vifaranga. Chanjo zilikuwa zimekwisha kuoza humo. Kwa hiyo Alhamisi Wasike alipanda basi la alfajiri kwenda Mbale, kwa Nanyama, mama aliyetunza dawa za mifugo kule kwa miaka mingi. Nanyama alikuwa na vichupa viwili.

"Nikupe kimoja tu," alisema. "Cha pili kina mwenyewe, na mwenyewe ana bastola."

Akakifunga kwa pamba, akakitumbukiza ndani ya thamosi iliyojaa barafu. "Barafu itakufikisha, mwanangu. Usifungue njiani."

Wasike aliipakata thamosi ile kama mtoto mchanga. Hakuifungua. Waliifungua askari, kwenye kizuizi kabla ya Bugiri, walipokuwa wakitafuta kahawa ya magendo. Abiria wote walishushwa wakapangwa juani.

"Hii nini?" akauliza askari mwenye miwani myeusi.

"Barafu, Afande. Na dawa ya mbwa."

"Mbwa ya nani?"

Hapo Wasike akafanya kosa ambalo mtu yeyote wa siku zile angelifanya: akadhani jina la mkubwa ni ngao. "Ya Meja, Afande. Wa Kimaka."

Miwani ikageuka ikamtazama vizuri. "Wewe napeleka dawa kwa nyumba ya Meja?"

"Ya mbwa tu, Afande."

"Kama ni sumu? Mpishi ya Meja naonja chakula mbele. Wewe nani usionje? Onja!"

"Hainywewi, Afande. Ni ya sindano."

"Basi piga sindano."

"Nimpige nani, Afande?"

Askari akamwelekezea yeye mwenyewe mdomo wa bunduki. Wasike aliwageukia abiria. Abiria wakaangalia viatu vyao, hata wasio na viatu. Kwenye karatasi ya dawa iliandikwa wazi kwamba si ya binadamu, lakini nani angesoma? Akatoa sindano mkobani, akakunja suruali. Akavuta dawa yote, tone la mwisho, kwa sababu askari alitaka kuona kichupa kitupu, na mkono uliochoma mbwa elfu ukachoma paja la mwenyewe. Wakamtazama robo saa kama chungu cha maharage, huku wakitafuna barafu yake. Alipokuwa bado hajaanguka, mwenye miwani akampiga begani.

"Nenda. Ni dawa mzuri."

Basi lilipoondoka, mtu wa kiti cha nyuma akanong'ona, "Mzee, usije ukatung'ata."

"Hata aking'ata," mwingine akajibu, "si kachanjwa?"

Wakacheka mpaka Iganga. Wasike alikuwa akipiga hesabu. Mbale hakuna kingine. Kampala wangemwomba barua yenye sahihi ya daktari, na daktari yuko harusini. Kila njia aliyoipanga ilikwenda hatua mbili ikaishia ukutani.

Ijumaa alisimama barazani kwa Meja. Moti alipouona mkoba alikuja mwenyewe, akageuka akaleta paja, kama alivyozoea tangu utoto.

"Afande," Wasike alianza, "jana njiani..."

"Nimekuuliza habari za njia?" Meja alikuwa amevaa tayari, gari linanguruma. "Unamchanja au humchanji?"

Wasike aliutazama mkanda wa Meja na kilichoning'inia pale. Akafungua mkoba. Akavuta maji safi yaliyochemshwa, yale ya kuoshea vifaa, akamchoma Moti. Mbwa hakulia. Akampa Meja kadi, ikatiwa sahihi. Akapiga muhuri, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *ijayo, Agosti 1977*. Meja akaondoka.

Binti alikuwa amemkumbatia mbwa shingoni. Wasike akainama kwake, akasema polepole ili askari wa getini asisikie:

"Mwanangu, mkono usimtie mdomoni tena. Akibadilika, akikataa maji, kimbia mwambie mama. Umesikia?"

Mtoto akamtazama kwa mshangao. "Kwani hajachanjwa?"

Askari wa getini aligeuza kichwa.

"Amechanjwa," Wasike akasema.

"Basi," mtoto akasema, akaurudisha mkono kinywani mwa Moti mpaka kwenye kiwiko.

Wasike akachukua mkoba wake akatoka akichechemea. Paja lilikuwa limevimba. Katika boma lile lote siku hiyo, aliyekuwa na chanjo ya mwaka huo mwilini alikuwa yeye peke yake.