Jicho, Makengeza na Kipofu

Kulikuwa na mama mmoja watu walimwita Jicho, na msidhani ni kwa uzuri wa kope. Macho yake yalikuwa madogo kama matundu ya vifungo. Jina alipewa na kikaango. Alipika chakula cha asubuhi mwishoni mwa kichochoro cha mafundi wa vyuma, chini ya kipande cha bati, na kikaango chake kilikuwa cheusi hivi kwamba kunguru akitua karibu nacho alikiamkia kwanza, akidhani ni mama mkwe.

Chakula chenyewe hakikuwa cha kulamba na kuondoka. "Chai na mkate mtupu ni kulidanganya tumbo," alisema, "na tumbo likidanganywa asubuhi hulipiza kisasi mchana." Kwa hiyo alianza na maharage yaliyolala jikoni yakiiva polepole. Viazi alivichemsha, akavikata, akavipitisha kwenye kitunguu na nyanya mpaka vikashika rangi. Wali uliolala aliukaanga kwa chumvi na pilipili. Mchicha ukipatikana, na mchicha. Lakini juu ya hayo yote, lazima yai. Sahani isiyo na yai aliiita sahani yatima. Kuna fundi mmoja aliyekula kwake asubuhi moja, akainua geti la chuma peke yake, akalibeba mpaka kwa mwenyewe ng'ambo ya mji, na alipolitua ndipo akagundua kwamba alikuwa ameling'oa na nguzo zake. Aliyesimulia hakuwa amelewa sana.

Pale kwenye benchi la Jicho mayai yalikuwa na lugha yake. Yai moja lililokaangwa kiini kikiangalia juu, hilo ni jicho. Mawili yaliyosogeleana mpaka viini vikatazamana, hayo ni makengeza. Na lile lililogeuzwa, kiini kikafunikwa kisionekane, hilo ni kipofu. "Jicho moja na viazi!" "Makengeza, mama, na pilipili ya kuniliza!" Kipofu kililiwa na wageni na wenye haraka. Fundi wa kweli alikula jicho, akalitoboa kiini kwa ncha ya mkate, akakifuata kinakokimbilia.

Mumewe Jicho alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana iliyo hatua chache tu kutoka kwenye benchi hilo. Wenzake walimwita Mshono, kwa sababu akiunganisha vyuma viwili ulitafuta kiungo kwa kidole usikipate. Tangu waoane, kila asubuhi alikula jicho. Kabla ya kulitoboa alilitazama kidogo, akasema, "Mke wangu, hili linanikonyeza."

"Mkonyeze na wewe, lipoe," mkewe alimjibu. Maneno yaleyale miaka nenda miaka rudi, nao hawakuyachoka.

Lakini Mshono alikuwa na tabia mbaya, tabia ya mafundi wenye kiburi. Cheche ya kwanza aliipiga kwa jicho tupu, ili aone mshono unaanzia wapi, ndipo ashushe kinyago cha kukinga macho. Jioni alirudi macho yanamwaga machozi kama mtu aliyemwagiwa mchanga, akachukua vipande vya kiazi kibichi kutoka kwenye beseni la mkewe, akavilaza juu ya kope, akalala chali. "Viazi vyako vinaliwa na macho yangu," alitania. Asubuhi aliamka akaenda tena.

Basi asubuhi moja akaja, akakaa mahali pake, akasema, "Leo nipe kipofu."

Kijiti, fundi mwenzake, mwembamba kama jina lake na mdomo usio na kufuli, akadakia: "Heee! Mshono amekuwa mgeni mjini! Karibu bwana, umefikia wapi?"

Watu wakacheka. Jicho naye akacheka, lakini kijiko kilimponyoka. Alikuwa ameona mambo, akayapita. Chai iliyomwagwa kando ya kikombe. Mwiko uliotafutwa nao uko mbele ya pua. Na juzi yake mumewe aliingia ndani jioni, akaukuta mtungi wa maji umefunikwa kanga, akauamkia: "Shemeji, umekuja lini?" Walicheka mpaka wakakaa chini. Sasa alipokuwa akiligeuza lile yai, kicheko kile kilimrudia mdomoni kichungu.

Akampa sahani. Mkate, ambao siku zote aliuweka kulia, akauweka kushoto. Mkono wa mumewe ukaenda kulia, ukapapasa mbao. Ukapapasa tena. Kisha akainamisha kichwa upande, kama kuku anavyomtazama mdudu, akauona mkate, akaukamata haraka na kuanza kuongea na Kijiti kwa sauti kubwa kuhusu mpira.

Jioni hiyo, nyumbani, Jicho alimngoja avilaze viazi machoni, maana mwanamume aliyelala chali na kiazi usoni hana pa kukimbilia.

"Baba watoto. Unaona nini?"

"Naona giza la viazi vyako."

"Sifanyi mzaha."

Akavikandamiza viazi kwa vidole. Kisha akasema, "Pembeni naona. Katikati hakuna. Nikikutazama usoni, uso haupo, kuna doa tu, kama mtu ameweka kidole. Nikitaka kukuona natazama sikio."

"Tangu lini?"

"Lilianza dogo kama punje."

"Na unachomelea!"

"Nasikia." Akainuka, viazi vikaanguka kifuani. "Chuma kikiungua vizuri kinakaanga kama yai lako kwenye mafuta, sauti moja, haikatiki. Kikiungua vibaya kinatapika. Sihitaji kuona, mke wangu. Mikono inajua."

Jicho akauliza lile alilokuwa analiogopa. "Na mnara wa shule?"

Karakana ilikuwa imepewa kazi ya kutengeneza mnara wa kubebea tangi la maji katika shule ya watoto. Mshono na Kijiti walikuwa wameuchomelea. Miguu minne ilikuwa imeshasimama uani mwa shule, tangi limeshapandishwa, bado kujazwa maji. Zilibaki ngazi na kingo za juu, ambazo Mshono alikuwa anazimalizia karakanani.

"Mnara uko imara," alisema. "Niache niimalize kazi hii. Bosi akijua nimeharibika macho, kesho nitakuwa nafagia vumbi la wenzangu. Au hata ufagio sitapewa. Wewe funga mdomo tu."

Jicho hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mumewe akauchukua ule ukimya akauweka mfukoni kama ndiyo, akalala.

Kesho yake, Jicho alipomaliza kuosha vyombo, akajifunga kanga akaenda shuleni. Mnara aliukuta umesimama katikati ya ua. Jua lilikuwa kali, na kivuli pekee kilikuwa cha lile tangi, kwa hiyo watoto walikuwa wamekaa chini yake wamejibana kama vifaranga, wanacheza mawe, mmoja anamsuka mwenzake. Akausogelea. Akapitisha kidole kwenye viungo. Kimoja kilikuwa laini kama kovu la zamani. Kingine kilikuwa na mabonge, kama uji uliofurika ukakaukia kwenye sufuria. Lakini yeye alijua mayai, hakujua vyuma. Pengine bonge ndiyo nguvu yenyewe. Pengine laini ndiyo inayodanganya. Akasimama pale kama mtu aliyepewa barua ya lugha ngeni.

"Bibi, unatafuta nani?" akauliza yule msusi mdogo.

"Simtafuti mtu. Ondokeni hapo, mkacheze kwingine."

"Kwingine kuna jua."

Usiku hakulala. Alipanga atakavyomvuta Bosi pembeni, amnong'oneze kwa adabu: mzee, mume wangu haoni vizuri, mpe kazi nyingine, na ule mnara ukaguliwe kabla ya maji. Neno kwa neno alilipanga, kama mtu apangavyo mayai kwenye trei.

Asubuhi mafundi wakajaa kwenye benchi. Mshono hakuwa amekaa. Alikuwa upande wa pili wa kichochoro, mlangoni mwa karakana, anachomelea ngazi ya mnara, cheche zinaruka. Bosi akaja ana haraka, akasimama, funguo zikilia mkononi. "Jicho, shemeji yangu, nipe kipofu upesi, niende shuleni, leo wanajaza tangi."

Na Jicho, mikono imo kwenye unga wa pilipili, kichwa kimejaa yale maneno yake ya adabu, akajibu: "Kipofu yuko pale anachomelea ngazi."

Kama ulimi uliteleza au aliusukuma, mwenyewe hajasema mpaka leo.

Watu wakaangua kicheko. Kijiti akapiga meza. "Lo! Mke anamwuza mume kwa bei ya yai!" Kisha wakamtazama yule mama, wakaona hacheki, machozi yanadondokea kwenye kikaango na mafuta yanayarusha. Kicheko kikafa kimoja kimoja. Ng'ambo ya pili, cheche nazo zikazimika. Mshono alikuwa amesikia. Si alisema mwenyewe kwamba masikio yake ni mazima?

Bosi akavuka kichochoro, akasimama mbele yake, akanyoosha mkono. "Mshono, ndugu yangu. Nimeshika nini?"

Mshono akavua kinyago. Angeweza kuinamisha kichwa, atazame pembeni kama kuku. Mbele ya watu wote hao akakataa. Akautazama ule mkono moja kwa moja, kama mwanamume.

"Funguo," akasema.

Mkono ulikuwa mtupu. Funguo alikuwa ameziacha kwenye benchi, kando ya sahani.



Tangi halikujazwa siku hiyo. Bosi alikwenda na nyundo kubwa, akagonga kiungo kimoja kimoja, Jicho amesimama langoni na kanga mdomoni. Vya kwanza vyote vilishika. Alipofika kwenye mguu wa nyuma, kile kiungo chenye mabonge, nyundo ikakipasua kikaachia kama biskuti.

Sasa sikilizeni jinsi binadamu alivyo. Mtu angedhani mambo yaliishia hapo. Mshono alipoambiwa, akasema, "Kile si changu. Mguu wa nyuma aliufanya Kijiti." Kijiti akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba ule mguu hakuugusa, alishika tu chuma mwenzake akachomelea. Wawili tu walikuwapo, na kila mmoja ana lake. Bosi akauchomelea upya mnara mzima, ukajazwa maji, na umesimama hadi sasa. Watoto hawakuangukiwa na kitu, basi hakuna aliyekuja kumshukuru mtu. Msiba ulioepukwa hauna matanga, na usio na matanga hauna mashahidi.

Mshono akarudishwa nyumbani. Ufagio hakupewa. Kijiti akaendelea na kazi, na wateja wake wakapungua kidogo, si sana.

Mshono hakumpiga mkewe, hakumtukana. Laiti angemtukana. Alianza kumwita "mama" kwa sauti ile ya kumwita mwenye duka. "Asante, mama. Nimeshiba, mama." Siku moja tu, Jicho alipombembeleza, aliligusa lile jambo.

"Ungekuja kwangu," alisema. "Ungeniambia, nenda wewe mwenyewe ukamwambie Bosi."

"Ungekwenda?"

Akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, ndiyo shida yake. "Sijui," akasema. "Lakini sasa hatutajua."

Kwenye benchi watu waliacha kutaja kipofu. Walisema, "Nigeuzie," wakatazama chini. Nyumbani, kila alfajiri kabla ya kwenda kichochoroni, Jicho alimkaangia mumewe. Alijaribu yote. Yai na viazi. Yai na maharage mazito yanayosimamisha kijiko. Yai lililovurugwa na mchicha na kitunguu, asilazimike kukitafuta kiini. Yai la kuchemsha, limenyunyiziwa chumvi, la kushika kwa mkono tu. Mume aliisukuma sahani polepole, kwa adabu, mpaka ukingo wa meza, akanywa chai yake kavu. Shingo ikamkonda. Shati likaanza kumvaa yeye.

Naye Jicho alikuwa amelelewa asitupe chakula. Mchana akirudi aliikuta sahani palepale, mafuta yameganda, kiini kimekuwa kama nta. Alikaa kwenye kigoda, akala mpaka mwisho, mumewe akiwa upande wa pili wa ukuta. Siku baada ya siku, yai lake na yai la mume.

Kwa hiyo alinenepa. Mashavu yalimjaa, mikono ikawa mviringo, ngozi ikang'aa. Wanawake wa kichochoroni walimshika kiuno wakicheka.

"Jicho, wee! Mambo yamekunyookea! Bwana yuko nyumbani sasa, anakutunza, ee? Hebu tupe siri."

"Ni mayai tu," alijibu, akageuka kupuliza mkaa.