Vipimo Vinane vya Besi

Barua ya kumwita Mwalimu kwenye mafunzo ya kuandika nota kwa kompyuta ilisomwa na mkewe, maana mwenyewe alikuwa hawezi tena kusoma. Presha ya macho ilimwanza kidogokidogo, ikamnyang'anya kwanza ubao, kisha nyuso za wanafunzi, mwisho ngazi za nyumba yake mwenyewe. Alikuwa amefundisha muziki katika shule ya msingi miaka ishirini na sita, na kuimba besi katika kwaya ya walimu. Shule haikumwachisha kazi. Ilimpa kiti, akawa anawaimbisha watoto amekaa.

"Wamekosea jina hao," alisema. "Kipofu na kompyuta, wapi na wapi?"

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yake: cherehani ya miguu, meza ya kukatia, na sare za shule zimetundikwa ukutani mpaka karibu na dari. Alimalizia pindo, akakata uzi kwa meno.

"Tutaenda," akasema.

Tuseme kweli, wakati ule hawakuwa watu wa kuzungumza. Binti yao alikuwa ameolewa mbali, na tangu macho ya Mwalimu yafe, maneno ya nyumbani yalibaki ya chai iko mezani na fimbo yangu umeiweka wapi. Mwalimu alikuwa na hasira isiyo na wa kuelekezewa, na hasira ya namna hiyo humwangukia aliye karibu. Mkewe naye alijifunza kukanyaga cherehani kwa nguvu, asisikie.

Mafunzo yalifanyika siku tano, katika chumba cha kompyuta cha chuo kimoja. Mkufunzi, kijana mstaarabu mwenye miwani, alimzuia fundi mlangoni.

"Samahani mama, hapa ni walimu tu."

"Mimi ni macho yake," fundi akajibu. "Mkimtaka bila macho, haya, mchukueni. Nina sare arobaini zinanisubiri nyumbani."

Walimu wakaangua kicheko, wakawapisha kwenye kompyuta ya mwisho, karibu na dirisha.

Fundi hakuwa akijua nota hata moja. Kuimba ndiyo kabisa. Mwenyewe alisema sauti yake ni bawaba iliyokosa mafuta. Mwalimu alimtajia polepole, kidole kikipiga mapigo mezani.

"So, pigo moja."

"So anakaa wapi?"

"Mstari wa pili kutoka chini. Halafu la, nusu pigo."

"Huyu mwenye mkia?"

"Huyohuyo. Umemjuaje?"

"Si umesema nusu? Ndiye mdogo wao."

Kilichowatoa jasho walimu wengine ni vipimo. Kila kipimo kilitaka mapigo manne, na ukizidisha hata nusu, kompyuta inakipaka rangi nyekundu na kugoma. Fundi hakuona ajabu. Maisha yake yote alikuwa akishona kola ziingie shingoni bila kuzidi wala kupungua. Siku ya tatu walimu walikuwa wanaita kutoka kila pembe, "Fundi, hebu njoo utuangalizie hapa!" Siku ya tano vyeti vikagawiwa, na jina lililoandikwa likawa la Mwalimu peke yake. Akakipapasa kile cheti, akasimama.

"Hiki ni cha mke wangu," alisema mbele ya watu wote, akakinyoosha upande ambao hakuwa na hakika kama mkewe yupo. Alikuwepo.

Shule iliwaazima kompyuta kuukuu, wakaiweka kwenye meza ya kukatia. Mwalimu alikuwa na nyimbo kichwani ambazo hakuwahi kuziandika, kila mwaka akisema mwakani. Sasa jioni baada ya jioni alikaa kwenye kigoda kando ya mkewe, akitaja, mkewe akiandika. Ndipo mazungumzo yaliporudi nyumbani kwao. Wimbo mmoja, kumbe, aliutunga barazani hospitalini, siku mkewe alipokuwa leba.

"Miaka yote hii hukuniambia," mkewe akalalamika.

"Hukuuliza."

"Ningeuliza saa ngapi, baba, na wewe huachi kuimba?"

Mwalimu alicheka mpaka akajifuta macho. Katika mwaka mmoja wakaandika nyimbo thelathini na moja.

Kisha figo zikaanza kumsumbua. Akawa mtu wa kitandani, katika chumba cha nyuma, mlango ukiachwa wazi ili sauti ipite. Spika za kompyuta nazo zikafa, ikawa hawezi tena kusikiliza kilichoandikwa. Walikuwa kwenye wimbo wa thelathini na mbili, wa sauti nne. Besi aliiweka mwisho. "Besi ni mimi mwenyewe," alisema, "haiwezi kunipotea."

Alasiri moja vilikuwa vimebaki vipimo vinane. Kesho yake shule ilikuwa inafungua, na sare kumi na moja hazikuwa na vifungo. Mwalimu akaita kutoka kitandani:

"Uko tayari?"

"Niko tayari."

Akaimba, akitaja nota zake moja moja. Mkewe alikuwa ameketi mbele ya kompyuta kweli, lakini mikononi alikuwa na sindano na shati la mtoto. Kushona vifungo hakuna kelele.

"Unaandika?"

"Naandika."

"Vimeingia vyote vinane?"

"Vimeingia."

"Ahsante, mama," akasema, akalala.

Mkewe alikusudia kumwomba arudie kesho. Angesema kompyuta ilizimika kabla hajahifadhi, angelaumiwa kidogo, yangekwisha. Lakini asubuhi Mwalimu aliamka hajui yuko wapi. Alipelekwa hospitali, akakaa siku nne bila kutamka neno lililoeleweka, akafariki.

Kiongozi wa kwaya, mtu mzima aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alikuja kuuomba wimbo wa mwisho ili wamzike nao. Fundi akaufungua. Sauti tatu zilijaa mpaka mwisho. Chini, kwenye besi, kulikuwa na alama nane za kimya zimejipanga.

"Hapa aliacha wazi?" kiongozi akauliza.

"Aliacha," fundi akasema.

Kiongozi akaomba penseli na karatasi, akavitunga vipimo vile pale pale mezani, naye fundi akaviandika kimoja kimoja bila kuinua uso. Makaburini kwaya iliimba vizuri mno. Mwalimu mstaafu mmoja alimshika mkono, machozi yakimtoka. "Shemeji, pale mwisho besi inaposhuka, nimemsikia mwenyewe kabisa!"

"Ahsante," fundi akajibu.

Ilipita miezi. Mkufunzi mwenye miwani alimfuata nyumbani, akamwomba amsaidie kufundisha walimu wa shule nyingine. Akakubali. Alikuwa mvumilivu, hakumcheka mtu, ila alikuwa na sharti moja gumu: aliyetaja nota lazima asomewe zote kabla kazi haijafungwa. Katika darasa moja mwalimu fulani alichoka, akamtania, "Fundi, kwani nota zina miguu? Zitatoroka?"

Wenzake wakacheka. Fundi akavuta kiti, akaketi, akawasimulia yote, hata habari ya vifungo.

Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa kiongozi wa kwaya, akamwambia na yeye. Yule bwana akaitoa nakala ya wimbo.

"Nilihisi," akasema. "Mwalimu hakuwa mtu wa kuacha kipimo wazi. Nifute vyangu, mama?"

"Usifute. Andika jina lako hapo, wajue ni vya nani."

Ndivyo ilivyo mpaka leo katika nakala za kwaya.

Hata hivyo, fundi akiwa peke yake, hukaa mbele ya ile kompyuta akijaribu kuikumbuka besi ya mumewe. Aliisikia, maana masikio yalikuwepo, ila moyo ulikuwa kwenye vifungo. Nota ya kwanza tu ndiyo anayo hakika nayo, kwamba ilikuwa ya chini sana. Na anakumbuka kwamba katikati Mwalimu alikohoa, akasema samahani, akaanza upya.