Ndiyo ya Mbaruku

Watoto wa mtaa wa Dunda walimwita Mzee Ama. Jina lake hasa ni Sadallah bin Mwishehe, karani na mkalimani wa mahakama pale bomani Bagamoyo kwa miaka ishirini na mitatu. Jina la Ama alilipata uzeeni, kwa namna yake ya kuuliza. Hakusema, "Hujala?" kama watu wengine. Alisema, "Umekula ama bado?" Akitaka chai atamwita mkewe, "Mwanahija, chai ipo ama haipo?" Na mkewe atamjibu kwa sauti ya kufika msikitini, "Ipo, mheshimiwa hakimu! Sukari ndiyo imetoroka!" Watu wa barazani wakafa kwa kicheko. Hata hujambo aliikwepa. Ukipita atakupa salaam aleikum, basi.

Watu walidhani ni ukarani uliomkaa kichwani. Mimi nilijua sababu, maana nilikuwepo siku ilipoanza, na mlalamikaji nilikuwa mimi.

Mimi ni mnunuzi wa mbata, nazi zilizokaushwa. Nilianza kwa kuzunguka Zinga na kikapu kichwani, nikafika kuwa na ghala lenye kufuli. Mwaka 1951 kufuli hilo likavunjwa, yakatoka magunia mawili. Askari wakapita nyumba za wapagazi wangu, na kwa Mbaruku wakakuta gunia lenye duara jekundu, alama yangu, limetundikwa mlangoni mwa choo. Wakamchukua.

Mbaruku alikuwa amenibebea mizigo miaka sita. Na magunia mabovu yenye duara jekundu nilikuwa nimeyagawa mwenyewe mji mzima. Kuna waliokuwa wakianikia muhogo juu yake. Askari hawakuniuliza hilo, nami sikulisema. Nilitaka mtu mmoja afungwe ili waliobaki waogope. Ndivyo nilivyofikiri, sitatia pambo.

Chumba cha mashtaka kilikuwa mwisho wa baraza ya boma, meza mbili na kabati lisilofungika. Kila Alhamisi Sadallah alipanga humo majalada ya Inspekta wa polisi, aliyekuwa mwendesha mashtaka. Duka limevunjwa usiku. Ng'ombe wameibwa njia ya Chalinze. Ndugu wawili wa Kiwangwa wamekatana mapanga kwa sababu ya mpaka wa shamba. Majalada yalifungwa kamba nyeupe, na Sadallah aliyajua kwa uzito. Jalada jembamba, alisema, ni la mtu atakayekubali kosa. Jalada la Mbaruku lilikuwa jembamba sana: hati ya mashtaka, maelezo yangu, na habari za gunia.

Katika kuwauliza washtakiwa Sadallah alikuwa na maneno yake yasiyobadilika: "Umeshtakiwa hivi na hivi. Ni kweli ama si kweli?" Hapo hakuna pa kuteleza. Lakini ile ilikuwa Ijumaa, majalada tisa, imefika saa tano na nusu na watu wanataka kwenda kusali. Mbaruku alisomewa, akaulizwa, akasimama kimya. Akaulizwa tena. Kimya. Sadallah akachoka kumngoja.

"Wewe! Hukuvunja ghala la Bwana Abdala?"

"Ndiyo, bwana."

Ndiyo, sikuvunja. Mtoto wa miaka minne wa pwani angeelewa. Lakini Sadallah tangu asubuhi alikuwa ndani ya Kiingereza, na kwa Kiingereza ndiyo ya swali kama lile maana yake nimevunja. Akamgeukia hakimu Mzungu, akamwambia mshtakiwa amekubali. Hakimu akaandika. Inspekta alikuwa ameinamia jalada la mapanga. Neno lililomfikia ni lile la Kiingereza. Akasoma habari za gunia kwa haraka. Mbaruku akaulizwa kama ana la kuongeza.

"Sina, bwana. Nimeshasema."

Miezi tisa.

Mbaruku akapiga kelele, "Miezi tisa ya nini? Si nimesema ndiyo?"

Chumba kizima kikacheka. "Kapewa alichoomba!" mtu mmoja akasema huko nyuma. Nami nilicheka. Kisha nikamwona Sadallah. Alikuwa ameweka mkono juu ya kofia yake, kama mtu aliyesahau kama alitaka kuivua ama kuivaa.

Baada ya sala akaja ghalani kwangu.

"Bwana Abdala, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mtu yule amekana."

"Nimekwambia nilisikia."

"Basi Jumatatu twende wote kwa Inspekta kabla wafungwa hawajapelekwa Dar es Salaam. Wewe ndiye mlalamikaji. Ukisema nawe umesikia hivyo, sitasimama peke yangu."

Kazi yangu ni kutazama mtu ana nini cha kupoteza, kisha kumgusa papo hapo. Nikamwuliza, "Umebakiza muda gani kazini?"

"Mwaka na miezi miwili."

"Kesi ngapi zimepita kinywani mwako?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Ukisema hii uliteleza, na zile nyingine je? Kila aliyewahi kufungwa atasema karani alimpotosha. Watakufukua tangu mwaka wa kwanza, Mzee Sadallah. Utatoka bomani bila hata ahsante."

Akakaa juu ya mzani wangu. Halafu akasema, "Mkewe Chausiku ana mimba kubwa."

"Atazaa tu, mume awepo asiwepo."

Nimeyaandika maneno hayo kama nilivyoyasema.

Jumatatu, pamoja na yote niliyomwambia, alikwenda. Amevaa kanzu ya pasi na koti. Nami nilikuwa pale kwa shughuli yangu: gunia lilikuwa kidhibiti, kesi imekwisha, nimekuja kulichukua. Nje lori la wafungwa lilikuwa linanguruma.

Inspekta alikuwa kijana wa Tanga, Kiswahili chake safi kuliko changu. "Shikamoo, Mzee Sadallah."

"Marahaba."

"Kuna neno?"

"Ile kesi ya ghala, bwana. Ya Ijumaa."

Inspekta akaweka kalamu chini. Kile kicheko cha mahakamani alikisikia naye, na hakuwa mjinga. Mbele yake kulikuwa na majalada mapya kumi na mawili ambayo kamba zake hazijafunguliwa. Akamtazama Sadallah, akauliza polepole:

"Hukukosea, Mzee Sadallah?"

Nikaacha kukunja gunia.

"Ndiyo," akasema Sadallah.

"Ahsante. Nilijua." Inspekta akaokota kalamu.

Tulipotoka, Mbaruku alikuwa juu ya lori na pingu mkononi. Akatuona. "Mzee Sadallah! Si ulinisikia wewe? Waambie! Nilisema ndiyo!" Askari akamkalisha. Sadallah alibaki amesimama mpaka vumbi la lori likatua, kanzu ikawa nyekundu hadi magotini. Hakuipangusa.

Tangu siku hiyo, mahakamani na nyumbani, akawa mtu wa ama.

Mbaruku alipunguziwa kifungo kwa tabia njema, akarudi baada ya miezi sita. Chausiku alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike. Alasiri moja mimi na Sadallah tuko wawili barazani kwake, tukamwona Mbaruku anakuja, amekonda shingo.

"Shikamooni."

"Marahaba," tukaitikia.

Sadallah akaanza, "Umerudi salama ama..." akakwama. Akavua kofia. "Mbaruku, siku ile ulikana. Mimi nilimwambia hakimu umekubali. Nilijua kosa langu kabla hujashuka kizimbani."

Mbaruku akakaa ukingoni mwa baraza. "Kule gerezani walinipa jina," akasema. "Bwana Ndiyo. Asubuhi wakinihesabu wanacheka mpaka askari." Akamtazama mzee. "Na hukwenda kumwambia Inspekta?"

Mlango ulikuwa wazi tena, uleule wa ndiyo. Sadallah hakuupita.

"Nilikwenda," akasema. "Nilifika mbele yake. Sikusema."

Mbaruku akaitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, tajiri? Hukusikia siku ile?"

Sadallah naye akanigeukia, kofia mkononi, akingoja. Ningeweza kusema nilisikia. Neno moja, halinigharimu kitu. Mtu ameshafungwa na ameshatoka.

"Ndiyo," nikasema.

Mbaruku aliielewa kama mtu yeyote wa pwani angeielewa. Akaniamini, akatuaga kwa adabu, akaenda zake. Sadallah akavaa kofia, akaingia ndani. Toka siku ile hadi tulipomzika hakuniuliza tena kitu chochote, kwa ama wala bila ama.