Pasipoti Sita, Mkoba Mmoja

Jirani aliyenipikia uji wa mchele na karanga kila asubuhi alikuwa mkuu wa genge la waporaji wa pikipiki. Nililijua hilo nikiwa na miaka tisa, na bado niliupenda uji wake.

Mwaka huu nimepita tena Sanyuanli, mtaa wa China tulikopanga chumba na mama. Pikipiki za siku hizi ni za umeme, zinateleza kimya kama samaki, nami nikasimama kando ya barabara nikiutafuta ule mngurumo wa pikipiki za mwishoni mwa miaka ya tisini. Ulikuwa ukipanda ngazi pamoja na harufu ya tangawizi, nami nikisinzia dirishani chini ya nguo zinazodondosha maji. Jirani alianza na pikipiki moja ya kuazima, akibeba abiria wa stesheni. Nilipomfahamu, wanaume wanane walimwita laoban, yaani bosi. Waliondoka wawili wawili kuelekea Zhanxi, kwenye maduka ya nguo, wakarudi na mikoba ya kike.

Mama alikuwa akinunua mzigo huko na wanawake watano wenzake kutoka Mwanza. Kwa desturi yao ya safari, mkubwa wao ndiye aliyetunza pasipoti za wote, na mkubwa alikuwa mama. Siku tatu kabla ya kurudi nyumbani, pikipiki ilipita Zhanxi na mkoba wa mama wenye pasipoti zote ukaenda nayo.

"Si ungezishonea hata ndani ya sketi, dada," mmoja alilalamika.

"Ya kwako ulinipa mwenyewe. Ulisema unapoteza hadi viatu."

Kisha mama akapika chapati, akanishika mkono, tukashuka kwa jirani.

"Laoban, wenzangu wana watoto wanaowangoja," alisema kwa Kichina chake cha sokoni.

"Mei you," akajibu, neno la kila duka lililoishiwa: hakuna. Lakini alikula chapati zote, kisha akanielekezea kidevu. "Huyu anayepiga kelele ngazini, naye anaondoka?"

"Naye."

"Basi nitauliza."

Kesho yake mchana tulikuta pasipoti tano mlangoni, zimefungwa kwa mpira. Ya mama, ambayo nami niliandikwa ndani yake, haikuwemo. Wenzake waliondoka wakilia. Sisi tulibaki miezi minne tukisubiri karatasi za ubalozi, na kila asubuhi uji ulikuwa tayari.

Polisi walipomkamata jirani walitoa chumbani mwake makasha mawili ya vitu vya watu. Mama alikwenda kuangalia, pasipoti yake haikuwemo. Hadi leo sijui kama ilipotea njiani, au ni jirani aliyetaka tusiondoke.