Furaha na kagari ka mlango wa mbele

Akili yangu inakataa mpaka saa hii. Furaha wetu, fundi wa garaji ya mtaa wa Kavimvira, wamemuua. Jana mchana. Nilikuwa nimekaa kando yake.

Wengi hapa mnamjua kwa zile video za kagari ka zamani. Ka watu wawili, kadogo ajabu, mlango wake unafunguka mbele kama wa friji.

Tulikakuta kijijini Luberizi, kuku wanatagia ndani. Mwenyewe, mkulima wa mpunga, alicheka: "Dada, hii haiko motokari tena. Iko nyumba ya kuku."

"Basi uhamishe kuku zako," Furaha akamjibu.

Kutu ilikuwa imekula sakafu yote. Aliikata, akagonga bati jipya kwa nyundo mpaka majirani wakaja kugombana. Siku moja diski ya kukatia chuma ilipasuka, ikamchana mkono mpaka mfupa ukaonekana. Nikapiga kelele. "Weye, lete kitambaa, acha kulia!" Akajifunga, akarudi kazini.

Pistoni ilikuwa imeganda kabisa. Aliipasha moto, akaipiga, akaitukana. Ilipoachia ghafla tulianguka wote wawili chali, tukacheka kama wajinga.

Kisha wakaja wenye silaha, wanataka betri ya kagari. Mmoja akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Furaha akatema jino. "Minye nimekataa." Wakaichukua kwa nguvu. Kesho yake nilimkuta chini ya kagari, mdomo umevimba, anafunga breki.

Aliazima betri nyingine. Injini ilipowaka mara ya kwanza, moshi ulitufukuza garajini. "Mungu wangu, iko inawaka! Iko inawaka!"

Jana risasi zilianza kulia mtaani. Mama Neema, jirani yetu muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akapigwa pajani. Damu ilikuwa inaruka. Pikipiki zote zilikuwa zimekimbia.

Furaha akafungua ule mlango. "Mupakate. Tunaenda hospitali."

Nilimpakata, ngumi yangu imekandamiza kidonda. Tulipokata kona, risasi zikapasua kioo cha nyuma. Furaha akaguna tu. Nikaona shati lake linaloa ubavuni.

"Furaha, simama!"

"Usiniangalie minye! Kandamiza huo mguu!"

Akaendesha. Barabara yote akaendesha, anapumua kama mtu anayebeba gunia. Hospitalini alisimama mbali kidogo na ukuta, ili mlango upate nafasi ya kufunguka. Wauguzi wakamtoa Mama Neema. Nilipogeuka kumshika mkono, Furaha alikuwa ameegemea kiti, macho wazi.

Nina hasira. Leo msiniandikie hapa kwamba ni mapenzi ya Mungu. Kuna muntu alilenga, akafyatua.

Furaha, dada yangu. Mama Neema ameamka asubuhi ya leo. Amekunywa uji. Ameuliza uko wapi, anataka kukushukuru, na ni minye niliyemwambia.

Sasa lala, dada. Lala pasipo mlio wa bunduki.