Seli Moja Iitwayo Siku_za_Mvua

Leo mvua imeniumbua mbele ya kamati nzima ya ujenzi wa kanisa.

Nilitumia faili la Excel la rafiki yangu wa Dodoma. Zuri jamani! Seli moja ameipa jina, Siku_za_Mvua, yaani siku ambazo kazi inasimama na mafundi wanalipwa posho. Fomula zote zinasoma hapo. Ukibadilisha namba hiyo moja, makadirio yote yanajibadilisha.

Nikabadilisha bei zote ziwe za hapa Tukuyu. Seli hiyo moja nikaisahau, ikabaki na mvua ya Dodoma.

Mama mmoja wa kamati, mkulima wa Mpuguso, akavaa miwani.

"Mwanangu, mvua siku mbili kwa mwezi? Mbili?"

Na hapo mvua inapiga bati mpaka tunaongea kwa kupaza sauti.

Nikaandika kumi na tano. (Wenyeji, nimepunja?)

Jumla ikaruka.

Nilikuwa nimechoka, nikasema tu, "Basi tuombe jua."

Mama akavua miwani.

"Hela nitaomba, hata kwa kufunga. Jua siombi mimi. Nina migomba."